Treni Iliyochelewa Miaka 80

Katika albamu ya The Bifrost Incident, iliyotolewa mwaka 2017 na bendi ya Uingereza iitwayo The Mechanisms, treni inaondoka kwenye makao ya miungu ikiwa imewabeba wakubwa wa utawala, inapita katika njia iliyotobolewa kwenye anga lenyewe, na inafika mwisho wa safari ikiwa imechelewa miaka 80. Mkaguzi mmoja asiye na cheo kikubwa anakabidhiwa kisanduku cha kunasa sauti kilichotolewa humo, anakaa kukisikiliza kipande baada ya kipande, nasi tunasikiliza pamoja naye. Kisa chote ni hicho, na sehemu yake kubwa inaimbwa. Mimi niliisikiliza kwa mara ya kwanza nikiwa Tabora, mji ambao watu wake wanajua tangu utotoni maana ya kukaa stesheni na mizigo huku macho yakiwa upande reli inakotokea. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo, na nimefika mahali pa kuwa na neno juu yake na juu ya aina nzima ya sanaa inayoitwa stimpanki: sanaa hii husimama pale inapoimba kazi ya mvuke na watu wa kazi hiyo, na huanguka pale inapouvaa mvuke kama pambo.

Neno stimpanki lilitungwa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, katika barua aliyolipelekea jarida la Locus, alipokuwa akitafuta jina la hadithi ambazo yeye na wenzake walizibuni kuhusu karne ya 19. Swali lililo ndani yake linaeleweka upesi: dunia ingekuwaje kama ingeendelea na mvuke badala ya kuhamia kwenye mafuta na umeme? Kutoka vitabuni swali hilo liliingia kwenye mavazi, na kutoka kwenye mavazi likaingia kwenye muziki, ambako bendi kama Abney Park ya Seattle na Steam Powered Giraffe ya San Diego zilijipatia wasikilizaji wao bila kubebwa na kampuni kubwa. Alama za sanaa hii unazitambua kwa mbali: kofia ndefu, koti lenye mkia, miwani mizito kama ya wachomeleaji, na kila penye nafasi magurudumu ya meno ya shaba yamebandikwa.

Magurudumu hayo ya meno ndiyo yaliyonipeleka kwa mzee mmoja wa Isevya, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye injini za mvuke enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akiwa msaidizi wa dereva, mwenye jukumu la moto na maji. Nilimkuta chini ya mwembe, amekaa kwenye mkeka, redio ndogo ikiwa pembeni yake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kivulini.”

Nilimpa simu aione picha ya mwanamuziki aliyevaa kofia iliyojaa magurudumu ya meno. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa utulivu, kisha akanirudishia.

“Hii ni saa,” alisema. “Injini ya moshi haina meno namna hii. Ina mikono.”

Akaukunja mkono wake wa kulia kwenye kiwiko na kuupeleka mbele na nyuma, polepole, huku kiganja cha kushoto kikizunguka kama gurudumu linalosukumwa na mkono huo. Akaniambia kwamba mkono huo unasukumwa na mvuke kwa mbele na kwa nyuma pia, ndiyo maana injini yenye silinda mbili hupumua mara nne katika kila mzunguko mmoja wa gurudumu lake kubwa. Kisha akanieleza habari za kile kioo chembamba kilichosimama kwenye kichwa cha boila, ambacho ndani yake unaona maji yamefika wapi. “Moto ukififia mtachelewa,” alisema. “Maji yakipungua kwenye boila mtakufa.”

Sijasoma uchambuzi wowote wa stimpanki ulionifaa kuliko maneno hayo. Gurudumu la meno ni mali ya saa, na saa ni chombo cha mwenye kuwahesabia wengine muda, lakini mvuke ni maji na moto, na nyuma ya maji na moto kuna mtu aliyesimama kwenye joto. Bendi nyingi za mkondo huu hupiga mdundo wa saa, tiki-taka isiyobadilika, zikidhani zinapiga mdundo wa treni. Garimoshi haliendi hivyo hata kidogo, kwa maana likiwa na mzigo kwenye mlima pumzi zake huwa nzito na za mbalimbali, likifika tambarare pumzi hukaribiana hadi zikawa mfululizo, na likikaribia stesheni zinakatika moja moja. Mwanamuziki anayelijua hilo ana mikononi mwake ala ambayo bado haijapigwa vya kutosha.

Lugha yetu, kwa bahati njema, ililiona jambo hili mapema. Tuliita garimoshi, tukaitaja ile ishara inayoonekana na kila mtu aliye mbali, hata mchunga ng'ombe aliyeko porini. Meli tuliita stima, na Wakenya wakaichukua stima hiyo hiyo wakaipa umeme, wakati vijana wetu wanapata stimu na kukatwa stimu wakizungumzia hamu na ari ya moyo. Mvuke umekwisha kwenye reli, lakini katika Kiswahili bado unafanya kazi kila siku.

Nirudi kwenye albamu. Kinachoifanya The Bifrost Incident iwe na nguvu ni muundo wake, ambao umeshikilia nyakati mbili kwa pamoja bila kuzichanganya. Upo wakati wa mkaguzi, ambaye anajua tayari kwamba treni imefika ikiwa na maafa, na upo wakati wa abiria, ambao wanaimba wakiwa na matumaini ya kufika. Kila wimbo wa furaha ya safari unausikia ukiwa na habari ambazo mwimbaji wake hana. Mtunzi hana haja ya kukuambia uhuzunike, kwa sababu huzuni inatoka kwenye nafasi uliyowekwa ya kusikiliza sauti za watu ambao huwezi tena kuwaonya. Mtu yeyote aliyewahi kurudia kusikiliza ujumbe wa sauti wa ndugu aliyekwisha fariki anaifahamu nafasi hiyo.

Treni yenyewe inaitwa Ratatosk, jina la kindi ambaye katika hekaya za kale za Skandinavia hupanda na kushuka kwenye mti mkuu unaoshikilia ulimwengu, akipeleka maneno ya mmoja kwa mwingine. Odin, mtawala, ndiye mwenye mradi. Hekaya nzima ya mwisho wa miungu imetiwa ndani ya behewa na kufungiwa mlango, na jambo ambalo katika masimulizi ya asili hutokea kwenye uwanja mpana wa vita hapa linatokea mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Naona ni uamuzi wa kitunzi wenye akili sana. Safari ya treni ina mwanzo, ina vituo, ina mwisho uliopangwa na watu wengine, na abiria hana usukani, kwa hiyo ajali ya kihekaya haihitaji maelezo marefu: ukishapanda, umekubali.

The Mechanisms walikuwa na mazoea ya kuchukua mahadhi ya nyimbo za jadi na kuyatia maneno mapya. Katika masikio ya msikilizaji wa magharibi jambo hilo huenda likaonekana kama ujanja wa bendi isiyo na fedha, lakini kwetu ndiyo njia ya kawaida ya kutunga. Utenzi hausomwi kwa sauti ya kawaida, unaimbwa kwa mahadhi, na mahadhi hayo si mali ya mtunzi mmoja. Tenzi za vita zilizotungwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walipoingia, ziliwafikia watu kwa mahadhi waliyokwisha kuyazoea tangu zamani. Habari ni mpya na sauti ni ya zamani, na kwa sababu hiyo habari inaaminika. Baina ya wimbo na wimbo katika albamu hii kuna sauti ya msimulizi inayosema bila kuimba, na hapo ndipo nilipokumbuka michezo ya redio. Kizazi kilichokua na Pwagu na Pwaguzi, na baadaye Twende na Wakati iliyoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, kinajua kumtambua mhusika kwa kikohozi chake kabla hajataja jina. Anayesema kwamba Mtanzania hana subira ya kusikiliza kisa kirefu kisicho na picha amesahau historia yake mwenyewe.

Udhaifu upo, na ni wajibu kuutaja. Wahusika ni wengi, na asiyejua Loki ni nani wala Sigyn ni nani kwa Loki atalazimika kusikiliza mara mbili akiwa na maandishi ya maneno mbele yake. Kadiri safari inavyosonga, utisho unapanda hadi unaanza kula sauti za watu, na kuna mahali nilitamani kelele zipungue ili nimsikie mmoja wao akiogopa kwa lugha ya kawaida. Zaidi ya hayo, uzito wa kisa unakaa kwa watawala na kwa wale waliowaasi, ilhali mimi niliendelea kutega sikio nikiwatafuta waliotandika njia. Treni hiyo haiendeshwi kwa mvuke wa kawaida, najua, lakini hakuna njia iliyowahi kujitandika.

Bendi yenyewe ilijitambulisha kama maharamia wa angani wasiokufa, na kila mwanachama alikuwa na jina na historia ya kubuni, mmoja akiwa askari wa kuchezea watoto, mwingine kiumbe aliyetengenezwa kwa chuma. Walitoa kazi zao wenyewe kupitia intaneti, wakacheza kwenye kumbi, na mwezi Januari mwaka 2020 wakafanya onyesho la kuaga. Nasisitiza suala la kujitegemea kwa sababu linahusika moja kwa moja na urefu wa kisa. Kampuni ingedai wimbo mmoja wa dakika tatu wa kupeleka redioni, na wimbo mmoja uliokatwa kutoka albamu hii ni kama ukurasa uliochanwa katikati ya barua. Kijana wa Tabora anayerekodi leo kwenye studio ya chumba kimoja anabanwa na dakika hizo hizo tatu, ingawa hana kampuni inayombana. Amezoea tu kwamba hivyo ndivyo muziki unavyotoka: mdundo, kiitikio, picha ya jalada, na kuhama kwenda Dar es Salaam mambo yakinyooka. Wakati mji huu ulipokuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi ilikuwa kundi la watu waliokaa pamoja kwa miaka mingi, na kukaa pamoja huko ndiko kunakozaa kazi ndefu.

Sasa niseme juu ya mavazi, maana hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba stimpanki ni ya Wazungu na haituhusu. Kabla neno hilo halijatungwa, na wakati mvuke ulipokuwa mvuke kweli, watu wa Afrika Mashariki walikuwa na beni. Ngoma hiyo ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikachukua tarumbeta na ngoma kubwa za bendi za kijeshi, ikaenea kwa askari, wapagazi na makarani hadi miji ya bara iliyokuwa kwenye njia ya reli. Vyama vyake vilikuwa viwili vikubwa, Marini na Arinoti, na ndani ya kila chama mlikuwa na wafalme, majenerali na magavana, wote wakiwa na sare, nishani na amri za gwaride. Aliyevaa koti la jenerali jioni alikuwa mtumishi wa mtu asubuhi. Wapo wasomi waliobishana sana kama ile ilikuwa kuiga au kudhihaki, na mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Mimi nashika jambo moja la kitunzi: cheo cha kubuni kilimpa mtu sauti ya kuimba mambo ambayo katika cheo chake halisi asingeyasema.

Tofauti ya beni na stimpanki iko kwa mvaaji. Kijana wa London anayevaa kofia ya mkoloni kwenye tamasha la stimpanki anavaa nguo ya babu yake, au ya bwana wa babu yake, na akichoka anaivua na kupanda basi. Mcheza beni alivaa nguo ya mtu aliyekuwa bado anamtawala, mtu ambaye boma lake lilikuwa linaonekana kutoka uwanja wa ngoma. Ndiyo maana naamini sisi tuna haki zaidi ya sanaa hii kuliko wengi wanaoipenda, na tuna wajibu mzito zaidi ndani yake, kwa sababu bomani na stesheni zao bado tunapita kila siku.

Tena mali ghafi haijatupungukia. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, karakana ya reli karibu na Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, ikapiga sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande mmoja wake pakiwa na tembo aliyesimama mbele ya milima. Mwezi Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliuteka mji. Mwaka uliofuata puto kubwa la injini, L 59, liliruka kutoka Bulgaria likileta dawa na risasi kwa majeshi ya Kijerumani yaliyobaki huku, likageuzwa njiani likiwa limekwisha fika anga ya Sudan. Mambo haya mtunzi wa stimpanki angeyabuni, halafu akaogopa kwamba hayataaminika.

Juu ya yote kuna Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwezi Februari mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini ile ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiwa na jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Mitambo yake ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa dizeli.

Tendo lile la kupaka grisi ndilo ningelifanya kiini cha albamu ya kuimbiwa Kigoma. Fundi anaihifadhi kwa uangalifu mashine anayoiua, akitumaini kurudi, na hakurudi yeye, akaja mwingine. Mikono iliyobeba makasha, iliyokaza ribiti, iliyobeba grisi kwa ndoo kwenye chumba cha injini jioni ile, mingi yake haikuwa ya Kijerumani, na majina yake hayamo kwenye bamba lolote. Albamu ya kisa kimoja inaweza kuipa mikono hiyo sauti, si kwa kuwabunia ushujaa, bali kwa kumpa kila mmoja mahadhi yake: mpagazi mahadhi ya nyimbo za safari za Wanyamwezi, karani wa bandari mahadhi ya beni, ziwa lenyewe mahadhi ya utenzi. Mstari wa utenzi una mizani 8, na Liemba ilikaa chini ya maji karibu miaka 8. Ningempa mtunzi beti nane za kukaa huko chini, bila ngoma, bila tarumbeta, na sauti moja tu.

Vikundi vya maonyesho vya Dar es Salaam, Muungano miaka ya 1980 na TOT (Tanzania One Theatre) tangu 1992, viliweka kwaya, taarabu, sarakasi na vichekesho katika jioni moja, na watu walikaa hadi mwisho. Jukwaa la kazi ya namna hii limekwisha kujengwa, na watazamaji wake wako hai. Kinachokosekana ni watu sita au saba wa Tabora na Kigoma watakaokubali kukaa na kisa kimoja kwa mwaka mzima. Wakati wake pia ni huu, maana treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, reli mpya inaendelea kusogezwa magharibi, na waliowahi kusimama mbele ya moto wa boila wamebaki wachache.

Siku nyingine nilirudi Isevya nikiwa na spika ndogo, nikamchezea mzee sehemu za albamu na kumfasiria kadiri nilivyoweza. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kidole kikigonga mkeka. Nilimweleza nani aliijenga treni ile, nani walipanda, na jinsi ilivyofika baada ya miaka 80, mtu mmoja akabaki kusikiliza sauti zao. Alinyamaza kitambo.

“Safari ndefu hivyo,” akaniuliza, “maji walijaza wapi?”

Sikuwa na jibu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kunihesabia kwa vidole vituo vya kutoka Tabora kwenda magharibi, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, na kwenye kila kidole akanitajia mtu aliyekuwa akifanya naye kazi huko.